Fanon aliuganga mwili na ulimi kwa pamoja

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu kwamba mtu aliyeumia moyoni hutibiwa kwa mojawapo ya njia mbili. Ama anyweshwe dawa, alale, asiwasumbue watu. Ama aketishwe kitini mbele ya mshauri, aambiwe aseme. Njia ya kwanza huunyamazisha mwili. Njia ya pili huusahau mwili kabisa, kana kwamba hofu na huzuni zina makao ulimini pekee. Ilhali kila aliyewahi kufiwa anajua kwamba huzuni hukaa mabegani, tumboni na magotini. Na kila mzee wa kijiji anajua kwamba maneno mazito hutoka kwa wepesi zaidi watu wanapopalilia pamoja kuliko wanapokaa wakitazamana.

Mmoja wa watu walioutambua ukweli huu mapema, akaugeuza kuwa kazi ya hospitali, alikuwa Frantz Fanon. Jina hili si geni kwa wasomi wetu. Wengi humjua kama mwandishi wa ukombozi, mtu aliyetetea haki ya waliotawaliwa kujitoa utumwani hata kwa silaha. Wachache humkumbuka kwa kazi iliyompa mkate wake wa kila siku. Fanon alikuwa daktari wa maradhi ya akili. Mtu asipoijua wodi yake hawezi kuvielewa vitabu vyake sawasawa.

Alizaliwa Julai 20, 1925 mjini Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique kilicho chini ya Ufaransa kwenye bahari ya Karibi. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya forodha, na mama yake alikuwa na duka. Alisoma katika shule ya Lycée Schoelcher, ambako mshairi Aimé Césaire alikuwa mwalimu. Mwaka 1943, angali kijana wa miaka 17, alitoroka kwa bahari hadi kisiwa jirani cha Dominica ili ajiunge na majeshi ya Ufaransa Huru dhidi ya Wajerumani. Aliamini kwamba uhuru wa binadamu mmoja ni uhuru wa wote. Alipigana, akajeruhiwa mashariki mwa Ufaransa mwaka 1944, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Hata hivyo, alirejea nyumbani akiwa na jeraha jingine lisiloonekana, kwani jeshini alikuwa amegundua kwamba damu ya mtu mweusi ilithaminiwa ikimwagika tu.

Baada ya vita alikwenda Lyon kusomea udaktari. Huko ndiko alikoanza kuuchunguza mwili kwa jicho ambalo walimu wake hawakuwa nalo. Katika kitabu chake cha kwanza, *Peau noire, masques blancs*, kilichochapishwa mwaka 1952, alisimulia jinsi mtoto wa Kizungu alivyomwona, akashikwa na hofu, akamkimbilia mama yake. Kwa wakati ule mfupi Fanon alihisi mwili wake umenyakuliwa, ukavunjwavunjwa, kisha akarudishiwa ukiwa kitu kingine asichokijua. Alipotaka kuitumia kazi hiyo kama tasnifu ya udaktari ilikataliwa, ikambidi aandike nyingine kuhusu maradhi ya mishipa ya fahamu.

Mwaka huo huo wa 1952 alichapisha makala kuhusu vibarua kutoka Afrika Kaskazini waliofika kwa madaktari wa Ufaransa wakilalamikia maumivu. Walipoulizwa wanaumwa wapi, walijibu kuwa wanaumwa kila mahali. Madaktari waliwapima, wasione kidonda wala uvimbe, wakawaita waongo na wavivu. Fanon aliyatazama mambo kwa upande wa pili. Mtu aliye mbali na mkewe, mbali na lugha yake, asiye na chumba chake wala heshima mtaani, ataumwa wapi kama si kila mahali? Mwili wake ulikuwa unanena kile ambacho hakuwa na nafasi ya kukitamka. Kosa halikuwa la mgonjwa aliyeshindwa kueleza, bali la daktari aliyejua kusikiliza kwa chombo cha kifuani pekee.

Mwaka 1952 na 1953 Fanon alifanya kazi katika hospitali ya Saint-Alban, milimani kusini mwa Ufaransa, chini ya François Tosquelles, daktari aliyekuwa amekimbia utawala wa Franco nchini Uhispania. Hospitali hiyo ilikuwa imejifunza somo lake wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Katika miaka hiyo, maelfu kwa maelfu ya wagonjwa wa akili walikufa kwa njaa ndani ya hospitali za Ufaransa. Saint-Alban waliwafungulia wagonjwa mlango, wakawaacha washirikiane na wakulima wa vijiji jirani, wafanye kazi na kupata chakula. Baadaye jambo lililoanzia katika dhiki likawa tiba. Wagonjwa walifanya kazi kwa mikono, wakaigiza michezo, wakachapisha gazeti na kukutana na wauguzi kujadili mambo ya hospitali. Tosquelles alishikilia kwamba hospitali yenyewe ndiyo iliyo mgonjwa wa kwanza: isipoponywa, haiwezi kumponya mtu.

Tusidanganyane kwamba Fanon aliipinga tiba ya kawaida. Alitumia dawa, na alitumia mishtuko ya umeme kama wenzake wa enzi hiyo. Lakini kwake yeye hizo zilikuwa kazi ya kubomoa ukuta tu. Baada ya ukuta kuanguka, mtu anahitaji kufundishwa upya kuishi na watu: atumie mikono yake, atembee, acheze, aseme, abishane na asikilizwe.

Kwa imani hiyo alifika Aljeria mwezi Novemba 1953 kuwa mmoja wa wakuu wa idara katika hospitali ya Blida-Joinville, kilomita zipatazo 45 kusini-magharibi mwa Algiers. Hospitali ilikuwa imefurika. Alikabidhiwa wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu, kila kundi katika upande wake. Alianza mara moja. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yalikwenda vyema kupita kiasi. Palikuwa na mikutano, ushonaji, sinema, sherehe na gazeti la hospitali. Katika miezi michache kelele zilipungua, na haja ya kuwafunga wagonjwa ikapungua pia. Watu waliokuwa wamekunjamana kitandani wakawa wanabishana kuhusu filamu ya juma lijalo.

Kwa wanaume Waislamu, mbinu zile zile ziliambulia patupu. Waliitwa mkutanoni, wakakaa kimya wakiangalia ukutani. Walipewa kazi ya kusuka vikapu, wakaiacha. Uliletwa mchezo wa kuigiza, haukuwagusa. Gazeti halikuwa na wasomaji, kwa kuwa waliojua kusoma walikuwa wachache mno. Wauguzi walimkumbusha daktari kijana kwamba walimwonya tangu mwanzo. Madaktari wa shule ya Algiers, wakiongozwa na Antoine Porot, walikuwa wamefundisha kwa miaka mingi kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kaskazini haukukomaa, na kwamba mtu huyo ni mvivu, mwongo na mkatili kwa maumbile. Kushindwa kwa Fanon kungaliweza kuhesabiwa kuwa ushahidi mwingine wa nadharia hiyo.

Hapa ndipo ukubwa wa mtu huyu unapodhihirika. Hakuwalaumu wagonjwa, alijilaumu yeye. Mwaka 1954, pamoja na mwanafunzi wake Jacques Azoulay, alichapisha makala akikiri kwamba walikuwa wamefanya ndani ya wodi kosa lile lile ambalo serikali ya kikoloni ilikuwa ikilifanya nje. Walichukua desturi za Ufaransa wakawavika Waaljeria, kisha wakashangaa kwamba hazikuwatosha. Mkalimani aliyesimama kati ya daktari na mgonjwa aliwakumbusha wagonjwa mahakama na ofisi za serikali, mahali ambapo Mwaljeria alizungumziwa na wengine wala hakuzungumza. Kusuka vikapu, kwa macho yao, ilikuwa kazi ya wanawake. Sherehe zilikuwa za dini ya watu wengine. Je, nani angecheza ngoma asiyoijua, tena kwa amri?

Fanon akarudi kuwa mwanafunzi. Alijifunza habari za vijiji, za koo na za ardhi iliyonyang'anywa. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa wakulima na vibarua wa mashambani, basi aliwapa majembe na kipande cha ardhi. Baadhi ya wauguzi waliingiwa na hofu: mwendawazimu apewe jembe? Hata hivyo wagonjwa walilima, na mikono iliyokuwa ikitetemeka ikakumbuka kazi yake. Ulitengenezwa uwanja wa kandanda. Ulifunguliwa mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, ambamo wanaume walikaa kwa desturi yao wakinywa na kuzungumza. Sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa. Akaalikwa msimulizi wa ngano, wa aina ya wale waliozunguka kutoka kijiji hadi kijiji, naye akawaketisha wagonjwa duara na kuwasimulia visa vya mababu. Wale waliodhaniwa kuwa mabubu walianza kusema.

Msomaji atazame vizuri mpangilio huo. Jembe na mpira viliuamsha mwili. Mkahawa na ngano viliuamsha ulimi. Kimoja kilikuwa mlango wa kingine. Mtu aliyetoka jasho shambani aliingia mkahawani akiwa na la kusimulia, na aliyesikiliza ngano usiku aliamka akiwa na sababu ya kwenda shambani. Mazungumzo ya daktari na mgonjwa, ambayo hapo mwanzo yalikuwa mfano wa mahojiano ya polisi, sasa yalipata mahali pa kukaa, kwa sababu yalitanguliwa na maisha.

Lakini nje ya ukuta wa hospitali maisha yenyewe yalikuwa yakiungua. Novemba 1, 1954 vita vya ukombozi vya Aljeria vilianza. Wodi ya Fanon ikapokea wapiganaji waliopoteza usingizi, wanakijiji walionusurika mauaji, na pia polisi wa Kifaransa waliowatesa watu. Aliwatibu wote. Polisi mmoja alisumbuliwa usiku na mayowe ya watu aliowatesa, akawa anafunga madirisha na kuziba masikio kwa pamba. Siku moja polisi huyo alikutana bustanini mwa hospitali na mtu aliyewahi kumtesa, ambaye naye alikuwa akitibiwa hapo. Polisi alishikwa na kitetemeshi. Yule mwathiriwa alitafutwa, akapatikana chooni akitaka kujiua, kwa kuwa aliamini wamekuja kumrudisha kwenye mateso. Mwingine, mkaguzi wa polisi, alikuwa ameanza kumpiga mkewe na watoto. Alimwomba Fanon amsaidie kurejewa na utulivu, lakini hakutaka kuiacha kazi ya kutesa. Alitaka tu aifanye bila kusumbuliwa na dhamiri.

Ombi la mkaguzi huyo lilimfunulia Fanon mpaka wa tiba. Inawezekana kumtuliza mtu na usimponye. Mazoezi, mazungumzo na dawa vinaweza kumrudisha mtu katika kiti chake huku kiti chenyewe kikiwa ndicho chanzo cha ugonjwa.

Katika kitabu chake cha mwisho, *Les damnés de la terre*, alieleza kwa makini jinsi ukoloni ulivyojiandika katika misuli ya watu. Aliona wanaume waliokakamaa mwili mzima, wasioweza kupanda ngazi wala kutembea upesi, bila ya daktari kupata kasoro yoyote katika mishipa yao. Aliona pia kwamba mtu aliyefungiwa mchana huota usiku anakimbia, anaruka na kuogelea. Aliandika kuhusu ngoma na mapepo, mahali ambapo mkazo huu ulipata pa kutokea. Duara la ngoma, kwa maelezo yake, humlinda mtu na kumpa ruhusa; humwezesha kutupa nje kile ambacho kingemlipua, kisha akarudi nyumbani na utulivu. Hata hivyo hakuishia katika kusifu. Alionya kwamba ngoma inaweza kuwa njia ya kumwaga hasira usiku ili asubuhi watu wainame tena chini ya nira ile ile. Mwili ukinena na ulimi usitaje jina la kidonda, maumivu huahirishwa tu.

Wenyeji wa Pwani yetu wataliona jambo hili kuwa la karibu. Katika ngoma ya pepo mgonjwa huchezeshwa, kisha pepo hupewa nafasi ya kusema anataka nini. Jamaa husikiliza, na mara nyingi madai ya pepo ni yale ambayo mke au mtoto asingethubutu kuyatamka kwa kinywa chake. Iwapo jamaa watatimiza wajibu wao, ngoma imefanya kazi. Iwapo watasahau, ngoma itapigwa tena mwakani. Fanon mwenyewe aliziheshimu imani za Maghreb kuhusu majini kwa sababu moja muhimu: zilimwondolea mgonjwa lawama. Jamii ililaumu jini, ikamtunza mtu.

Mwishoni mwa mwaka 1956 Fanon alimwandikia Robert Lacoste, waziri aliyeitawala Aljeria kwa niaba ya Ufaransa, akajiuzulu. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya daktari wa akili ni kumwezesha mtu asiwe mgeni katika mazingira yake, na kwamba kazi hiyo haiwezekani katika nchi ambamo mwenyeji amefanywa mgeni kwa sheria. Mwezi Januari 1957 alifukuzwa nchini. Akaelekea Tunis, akajiunga waziwazi na chama cha ukombozi cha FLN, akaliandikia gazeti lake la *El Moudjahid*, na bado akaendelea kuwatibu wagonjwa.

Mjini Tunis alipiga hatua iliyompita hata mwalimu wake Tosquelles. Katika hospitali ya Charles-Nicolle alianzisha, mwaka 1958, kituo ambacho wagonjwa walikuja asubuhi na kurudi kwao jioni. Walivaa nguo zao wenyewe, walisafiri njia zao za kila siku, walilala katika nyumba zao. Alikuwa ameng'amua kwamba hata hospitali iliyo nzuri kabisa, yenye mkahawa na uwanja wa mpira, ni kijiji cha kuigiza. Mgonjwa akipona humo, huenda amepona kwa ajili ya humo tu. Afadhali akutane na mkwe wake, na mwajiri wake, na mtaa wake kila jioni, kisha alete mgogoro wenyewe kesho yake, ungali moto, ujadiliwe.

Mwaka wa 1958 mwezi wa Desemba alikuwa Accra, katika mkutano wa watu wa Afrika nzima ulioongozwa na Tom Mboya wetu, aliyekuwa na umri wa miaka 28. Huko aliitetea Aljeria mbele ya wajumbe. Mwaka 1960 akarudi Ghana kama balozi wa serikali ya muda ya Aljeria. Kabla ya mwaka huo kwisha, madaktari walimgundua kuwa na saratani ya damu. Mwaka 1961 aliandika kitabu chake cha mwisho kwa haraka ya mtu anayekimbizana na jua, akafariki Desemba 6 mwaka huo huo katika hospitali ya Bethesda, Marekani, akiwa na miaka 36. Alizikwa katika ardhi ya Aljeria, miezi michache kabla ya nchi hiyo kupata uhuru mwezi Julai 1962. Hospitali ya Blida ikapewa jina lake.

Sababu ya kumkumbuka mtu huyu katika gazeti la Kenya ni nzito kuliko jina la Mboya. Katika kitabu chake cha mwisho Fanon alimkabili daktari mmoja aliyefahamika sana hapa Nairobi. Ni J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya Mathari kati ya mwaka 1938 na 1950. Mwaka 1953, kupitia Shirika la Afya Duniani, Carothers alichapisha kitabu kinachomfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya kikoloni maelezo kuhusu Mau Mau, ambamo kiapo na vita vya msituni vilielezwa kama matatizo ya akili ya Wakikuyu. Ardhi ilikuwa imechukuliwa, watu wakazungushiwa seng'enge, na daktari akatafuta kasoro vichwani mwao. Dhidi ya sayansi ya namna hiyo ndipo jembe, mpira, mkahawa na ngano za Blida zilipata maana yake. Ziliwathibitishia wagonjwa kwamba ni watu kamili.

Je, sisi tumejifunza? Tangu shambulizi la bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, ushauri nasaha umekuwa neno la kawaida nchini, na baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 ulipelekwa hadi kambini. Hilo ni jema. Lakini ni mara ngapi mkulima aliyechomewa nyumba huketishwa katika hema na kuulizwa anajisikiaje, katika lugha asiyoiota ndotoni, na hali mikono yake haina jembe wala miguu yake haina pa kwenda? Akinyamaza tunaandika kwamba hashirikiani. Kwa upande mwingine, tuna shule zinazowapa vijana riadha na ngoma kwa ustadi mkubwa, ila hazina mtu mmoja wa kumwuliza kijana kwa nini anakimbia kana kwamba anafukuzwa.

Haihitaji fedha nyingi kuviunganisha viwili hivyo. Hospitali yenye ua inaweza kuwa na bustani, na wagonjwa wakaitunza pamoja na wauguzi, kisha wakaketi kivulini kuzungumza. Kikundi cha akina mama kinachoimba na kucheza kinaweza kutenga saa moja baada ya ngoma, kila mmoja aseme la moyoni, kwa lugha yake. Mwalimu wa michezo anaweza kufundishwa kusikiliza. La msingi ni kwamba anayetibu akubali, kama Fanon alivyokubali, kuwa mgonjwa asipoitika wito, yafaa kwanza kuuchunguza wito wenyewe. Na baada ya mwili kulegea na ulimi kufunguka, sharti pawepo wa kulitenda lile lililosemwa: shamba lirudishwe, mwenye kupiga azuiwe, aliyefukuzwa apokelewe. Bila hayo tutakuwa tumemfanyia mgonjwa kile mkaguzi wa polisi alichokiomba Blida, utulivu bila uponyaji.